Mwokaji Aliyekataa Kufa

Ghyslain Arsenault alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na mmoja, na kazi yake katika kampuni ya magemu pale Montreal ilikuwa kucheza gemu siku nzima akitafuta kasoro. Akiona farasi anapenya ukuta, anajaza fomu: nini kilitarajiwa, nini kilitokea. Maneno ya mdomo yalimshinda, ila fomu alizijaza vizuri kuliko mtu yeyote kwenye jengo lile.

Nyumbani aliishi na mumewe, Normand, muuza jibini sokoni. Kila gemu jipya likitoka, Normand hukaa naye kwenye kochi kutazama kama lina watu wa aina yao. Siku hizi hawakosekani. Lakini mmoja alikuwa adui mwenye koti zuri, mwingine kinyozi mcheshi, na waliobaki walikufa mapema ili shujaa apate hasira. Kwa hiyo aliposikia kwamba gemu linalotengenezwa sasa kazini kwa Ghyslain lina mwokaji mikate aitwaye Ansel, na Ansel ana mume, Normand aliuliza jambo moja tu.

"Anafika mwisho?"

Ghyslain akajifanya anatafuta viatu.

"Mzee wangu, huyu naye akifa, mimi hayo magemu nimeacha. Utatazama na paka."

Ansel alikuwa anakufa sura ya pili, kwa mshale wa shingo. Ghyslain hakuwa mtu wa kwenda kugombana na mwandishi wa hadithi, Cédric, mwenye ndevu nyingi na maoni mengi zaidi. Akajaza fomu. Kilichotarajiwa: Ansel azeeke na mumewe. Kilichotokea: mshale. Cédric akairudisha, akasema ndivyo ilivyokusudiwa. Ghyslain akajaza nyingine. Zilirudi saba.

Ya nane haikupitia kwa Cédric; ilimfikia Maude, fundi wa programu, siku moja kabla ya onyesho la Ijumaa, akiwa na kasoro sitini mezani. Aliona mwokaji hatakiwi kufa, akamfanya asife, akaendelea na farasi.

Ijumaa wote walikusanyika mbele ya skrini kubwa, bosi wao Huguette kiti cha mbele na kipande chake cha piza. Mshale ukampiga Ansel. Mumewe akapiga magoti, fidla zikalia, hotuba ya kuaga ikaanza. Kabla haijaisha, marehemu akainuka na mshale wake shingoni, akarudi dukani kuuza mikate. Kwenye mazishi yake mwenyewe alipanga foleni kutoa pole. Daraja lilianguka naye, akatokea ng'ambo na kapu. Joka likammeza, akaonekana tena dukani anakanda unga. Huguette alicheka mpaka piza ikamtoka mkononi.

Cédric akataka kujua nani kaharibu kazi yake. Maude akasoma ile fomu, na jina lililokuwa chini. Ghyslain akasimama.

"Ni mimi. Nimecheza miaka thelathini, sijamwona mmoja wetu akizeeka."

"Na sisi wanawake tunaopenda wanawake," Maude akadakia, "tunapewa nyumba moja, kitanda kimoja, paka wawili, halafu tunaandikwa marafiki. Kaka, hiyo nayo ijazie fomu."

Huguette akamuuliza Cédric anahitaji muda gani kumwandikia mwokaji maneno ya mtu aliye hai. Cédric akanung'unika wiki mbili. Akapewa moja.

Gemu lilipokamilika, Normand alikaa kochini mpaka mwisho kabisa. Ansel, kichwa chote mvi, alikuwa mlangoni na mumewe wakibishana nani kasahau kuzima tanuri. Normand, anayeongea hata usingizini, aliwasikiliza neno kwa neno. Kisha akaisogelea skrini.

"Mbona bado ana mshale shingoni?"

"Hakuna aliyejaza fomu," Ghyslain akasema.