Kuku wa Shangazi Bilhah na Kipande cha Owino

Mwaka wa 1937, mzee mmoja alikwamwa na mnofu wa kuku katika kambi ya chai kule juu ya Boito. Asingekwamwa, mimi nisingezaliwa.

Najua unacheka. Tulia kwanza.

Aliyenisimulia ni nyanya yangu Loice mwenyewe, na alikuwapo siku hiyo, sufuria mkononi.

Wakati huo Loice alikuwa na miaka kumi na minane, mchumaji wa chai, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wazazi wake walitoka kando ya ziwa kuja kutafuta kazi, kama Wajaluo wengi wa kambi ile.

Akampenda Okello wa kiwandani, kijana mrefu, mpole, aliyenukia majani ya chai hata Jumapili kanisani.

Baba yake Okello, Mzee Owino, alikuwa mjane mkimya. Alifika huko na mtoto mgongoni, akamlea peke yake.

Loice akazama mzima mzima. Mahari tu ndiyo ilikuwa imebaki.

Lakini kwetu kupenda ni kazi ya vijana, kuchunguza ni kazi ya shangazi. Kabla ng'ombe hawajatajwa, lazima mtu aende aulize: ninyi ni kina nani, babu yenu ni nani, mmeoa wapi.

Shangazi Bilhah, dada ya baba yake Loice, akafunga kitambaa chake cha kanisa, akaenda. Loice akamfuata, akajibanza nje ya mlango.

"Baba Okello, wewe ni wa ukoo gani?"

Mzee Owino akashika kibati kilichoning'inia shingoni mwake. Enzi hizo kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuvaa kipande: karatasi ya serikali ndani ya kibati, ina jina lako, la baba yako na kwenu. Ukitoroka kazi, hicho ndicho kinakukamatisha.

"Owino wa Opiyo," akasema polepole. "Wa Kanyangula."

"Opiyo gani? Yule pacha alihamia ng'ambo ya ziwa?"

Mzee akakawia. "Huyo."

Loice akasikia shangazi yake akilia, kilio cha furaha kabisa. Opiyo alikuwa pacha wa Odongo, na Odongo ndiye babu yake Loice. Opiyo alihama Bilhah akiwa mdogo, na mwanawe Owino akaenda kufanya kazi kwa wazungu, asirudi. Bilhah hakuwahi kumwona. Alijua tu kwamba Opiyo alikufa akimtaja huyo mwanawe.

Ndugu aliyepotea amepatikana. Na ndoa imekufa papo hapo.

"Shangazi, mapacha ni babu zetu, si sisi," Loice alijitetea nyumbani.

"Damu haijui hiyo hesabu. Kwetu kulikuwa na wawili, baba zao tumbo moja. Wakafichana, wakaoana. Mtoto wa kwanza hasikii. Wa pili hasikii. Wa tatu tulizika kabla hajatambaa. Mama yao alikuwa anaimbia watoto, na hakuna anamsikia. Unataka hiyo?"

Kwa wiki nzima Loice alilia katikati ya mistari ya chai, mpaka nyapara Gekara akamuuliza kama anachuma chai ama anainywesha maji.

Sasa sikia vituko.

Shangazi Bilhah, kwa kupata ndugu, akawa hashikiki. Kila Jumapili anamchinjia kuku. Anampelekea mwenyewe, anamkalisha kitini, anamwita "mwana wa baba."

Mzee Owino alikula akitazama chini. Watu wakasema ni unyenyekevu.

Jumapili ya tisa, Loice ndiye aliyetumwa kupakua. Si sasa ni dada yake Okello? Okello alikuwa kwenye kona, akimega ugali bila kuula.

"Okello hawezi kukaa hivi," Bilhah akaanza. "Nimemtafutia msichana. Anaitwa Jerusa."

Loice akaendelea kupakua.

"Safari hii nimechunguza mpaka mizizi," Bilhah akaendelea, akijisikia. "Mama yake ni Ayoo, binti ya Ogola mfua chuma, wa Kodundo. Kaka yake mmoja tu, Alfayo, alipotelea kwa shamba la katani. Hakuna tone la damu yetu hapo."

Hapo ndipo mnofu ulipokwama.

Mzee akatoa macho. Okello akaruka, akampiga mgongoni mara tatu, mnofu ukatoka, ukatua karibu na kiatu cha Bilhah.

"Ayoo ni dada yangu," mzee akasema alipopata pumzi. "Mimi ndiye Alfayo."

Loice akaweka sufuria chini.

Akaeleza. Yeye na Owino walikuwa marafiki kwenye shamba la katani. Owino akafa kwa homa. Wiki hiyohiyo habari ikaja kwamba mke wa Alfayo amefariki, na mtoto yuko kwa jirani. Akaomba ruhusa, akanyimwa. Akamzika rafiki yake, akavaa kipande chake, akatoroka. Akamchukua mtoto, na kwao hakukanyaga tena.

"Ningesema, ningefungwa. Huyu angelelewa na nani?"

"Na mimi, Baba?" Okello akauliza. "Ungeniacha nimpoteze Loice?"

"Ningekuacha. Niliogopa, mwanangu, na nimeona aibu kila siku. Lakini nikuoze binti ya dada yangu? Hapana. Heri jela."

Bilhah akauliza kwa sauti ndogo, "Owino alizikwa wapi?"

"Ukingoni mwa shamba. Nilipanga mawe kwa mikono yangu."

Bilhah akalia mara ya pili, na safari hii alikuwa akimlilia ndugu yake. Wakamwacha amalize. Kisha akajifuta kwa kitambaa.

"Kwa hivyo kuku zangu tisa nimelisha mtu baki."

"Nane na nusu," mzee akasema.

"Si mtu baki, Shangazi," Loice akadakia. "Ni baba mkwe."

Bilhah akajaribu kukasirika, akashindwa. Kicheko kikamtoka huku machozi hayajakauka.

Lakini hakuamini mdomo mmoja tena. Alisafiri hadi Kodundo kuuliza upya, na Loice akangoja wiki tatu zilizommaliza mwili. Bilhah akarudi na Ayoo mwenyewe, ambaye alimshika kaka yake mashavu, akamwangalia, kisha akamzaba kofi moja la miaka ishirini. Baadaye akamkumbatia.

Harusi ilifungwa mavuno yalipoisha. Ofisini mzee alibaki Owino, na kambi nzima ya Wajaluo ikafunga mdomo.

Leo daktari atakueleza kile Bilhah alichokijua kwa macho: kila mtu amebeba kasoro fulani ndani ya damu. Ukioa mbali, mara nyingi ya kwako inafunikwa. Ukioa wa kwenu, kasoro moja inaweza kukutana na mwenzake ndani ya mtoto.

Kwa hivyo vijana, ukimpenda mtu, muulize nyanya yake alizaliwa wapi. Haiui mapenzi.

Na wewe mzazi uliyeficha jina la kwenu, au mtoto uliyemwacha mahali: watoto wako wako huko nje, na wanapenda. Sema mapema, kabla wao hawajalipia kimya chako.