Kadi ya Shangazi Lorna Ilikubali Kila Kitu

Shangazi yangu Lorna anaosha nywele za watu saluni hapa Toledo. Wiki nzima kadi yake ilikubali kila kitu: kahawa, chakula cha paka, mafuta ya gari. Yeye akajua hela ipo. Kumbe akaunti ilishakauka, benki inamlipia tu, halafu inamkata dola thelathini na tano kila akipitisha kadi.

“Shangazi, hiyo kahawa walikukorogea dhahabu?” nikamtania.

Hakucheka. Mshahara uliingia leo, benki ikaumeza wote, na kodi ya nyumba ni kesho. Akawapigia simu benki.

“Basi niondoleeni hiyo huduma ya kunilipia, mwanangu.”

“Mpaka umalize deni lililobaki, mama.”

Akaweka simu chini, akaniuliza kama sofa langu linakunjuka likawa kitanda.