Nilikuta Tangazo la Kifo Changu Getini Kwangu

Niligundua kwamba nimekufa Jumamosi asubuhi, saa tatu kasoro, nikiwa na begi mkononi na njaa tumboni.

Sitanii. Picha yangu ilikuwa getini kwangu, imezungushiwa ukingo mweusi, juu yake msalaba.

Hapa Sozopol, mji wetu wa pwani ya Bulgaria, mtu akifa ndivyo tunavyofanya. Karatasi inabandikwa getini kwake, kwenye nguzo za umeme, kituo cha basi, hadi mlango wa duka la mikate. Mji mzima unakusoma kabla hujazikwa.

Na mimi nikajisoma.

"Kwa majonzi makubwa tunatangaza kifo cha Smaragda Yanakieva, miaka 68. Alikuwa mkali lakini mwaminifu."

Mkali! Yaani hata maiti hasitiriwi!

Jirani yangu Polikseni akatoka nyumba ya mbele na mkate kwapani. Aliponiona, mkate ukaanguka. Akapiga ishara ya msalaba mara tatu.

"Smaragda, pumzika kwa amani! Ile sufuria yako nilikuwa naileta leo leo!"

"Acha ujinga, Polikseni. Nishike mkono."

Akanishika kwa vidole viwili.

"Mbona una joto?"

"Kwa sababu niko hai. Nani kasema nimekufa?"

"Mji mzima! Ulilala kitanda cha dirishani, upepo ukakupiga mgongoni, basi. Habari imekuja na basi la Alhamisi."

Hapo nikaelewa.

Nilikuwa Pomorie siku kumi, kwenye hospitali ya matope ya tiba, napakwa magotini. Siku ya kwanza nilipewa kitanda cha dirishani. Sasa mwanamke gani wa Sozopol mwenye akili atalala upepo unampuliza mgongoni? Nikabadilishana na bibi mmoja wa Ahtopol. Alinicheka sana. Akasema upepo haujawahi kuua mtu.

Jumatano akaaga dunia. Madaktari walisema moyo. Mimi mpaka leo nasema ni dirisha, na hakuna wa kunibadilisha.

Basi mtu akaona kitanda cha dirishani kimefunikwa shuka, akakumbuka kilikuwa cha mama wa Sozopol, habari ikapanda basi. Na simu yangu ilikuwa imedumbukia kwenye matope siku ya tatu. Nani angenipata?

"Na karatasi hizi kabandika nani?"

Polikseni akaangalia nyumba yangu. "Sijui. Ila Dimcho yuko ndani."

Dimcho ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Ndugu niliyebaki naye ni huyo tu. Miaka mitatu ananisumbua niuze nyumba, igeuzwe ya wageni, mimi nihamie Burgas kwenye fleti ya ghorofa ya saba. Nyumba ya mawe chini, mbao nyeusi juu, aliyoniachia mume wangu! Nilimwambia kila alipokuja: humu nitatoka nimebebwa.

Nikajumlisha moja na moja. Kanibandika ili auze nyumba yangu.

Damu ikanipanda. Nikasahau magoti, nikapanda ngazi kama msichana.

Jikoni kulikuwa na mwanaume nisiyemjua, ameshika futi, anapima ukuta wangu.

"Huu unavunjika?" akauliza.

"Yote inavunjika," Dimcho akajibu. Yuko dirishani, anakunywa kahawa. Kwenye kikombe changu.

Nikasema, "Anzeni kunivunja mimi."

Futi ikajikunja yenyewe, paa! Dimcho akawa mweupe kama jibini.

"Shangazi! Uko... uko hai?"

"Samahani kwa usumbufu."

"Shangazi, kaa kwanza..."

"Sikai! Umenibandika kwenye nguzo kama mbwa aliyepotea ili uuze nyumba yangu!"

"Sijabandika! Naapa kwa kaburi la baba, sijabandika hata moja! Hata sikujua kama ziko, tumelala humu tangu jana!"

Nikamwangalia masikio. Dimcho akidanganya masikio yanakuwa mekundu, tangu ana miaka minne. Hayakuwa mekundu. Alikuwa anasema kweli.

Halafu swali likanijia.

"Ulisikia lini nimekufa?"

"Alhamisi mchana. Yule jirani yako wa nyumba ya mbele alinipigia."

"Leo Jumamosi. Mwili wangu uko wapi?"

Akaweka kikombe changu mezani.

"Dimcho, nakuuliza. Maiti yangu iko wapi?"

"Shangazi, huyu bwana anarudi Sofia leo, nikaona tumalize kwanza hili. Pomorie si mbali, ningekwenda Jumatatu. Mwili haukimbii."

Mwili haukimbii.

Iliniuma, nisiwafiche. Nilipanda ngazi zile nikimtuhumu kwamba kanibandika. Kumbe kosa lake ni kwamba hakunibandika! Siku mbili nimekufa, na damu yangu mwenyewe haijanitafutia hata karatasi moja.

Bwana wa Sofia akaanza kurudi nyuma kinyumenyume. "Mama, mimi niliambiwa nyumba haina mtu."

"Ina mtu. Mlango uleule ulioingilia, na usinikanyagie zulia."

Akaondoka. Nikanyoosha mkono kwa Dimcho.

"Ufunguo."

"Shangazi, fikiria, una miaka sitini na nane, ngazi hizi..."

"Nimekufa na nimezipanda. Ufunguo!"

Akanipa. Nikamsindikiza mpaka getini, nihakikishe ametoka.

Hapo nje ndipo nilipomkuta Lefter.

Lefter ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Miaka kumi na moja hatujasemeshana, kisa mtini uliopandwa upande wangu na kuzaa upande wake. Nikimwona sokoni nageuza uso. Naye hivyohivyo.

Alikuwa anafunga geti lake. Amevaa suti yake ya Pasaka, mkononi maua mekundu sita. Kwetu maua ya jozi ni ya marehemu. Aliye hai hupewa matatu, matano, saba.

Akaniona. Akasimama. Hakupiga msalaba, hakupiga kelele. Akachomoa ua moja kwenye yale sita, akalichomeka mfukoni mwa koti. Matano yaliyobaki akanipa.

"Ngano ya msiba nimeshaichemsha," akasema. "Sufuria nzima."

Kwetu msibani hugawiwa ngano iliyochemshwa na sukari.

"Kumbe ni wewe uliyeniandika mkali?"

"Na mwaminifu. Niliandika na mwaminifu."

"Kwa nini wewe?"

"Nilimsubiri huyo mtoto wa kaka yako abandike. Jana jioni napita, geti tupu. Mtu hafi mtaa huu bila karatasi, Smaragda. Hata wewe."

"Na suti ya nini?"

"Naenda Pomorie kukuchukua. Najua mimi si ndugu, wangenikatalia. Nikasema nitakaa mlangoni kwao mpaka wachoke."

Dimcho alikuwa bado amesimama pale. Alisikia yote. Akaangalia chini, akaenda zake, na safari hii masikio yalikuwa mekundu.

Mimi nikalia. Mara moja tu. Halafu nikajifuta.

"Mtini ni wangu lakini," nikamwambia Lefter.

"Nusu."

"Lete ngano. Nina njaa."

Tukaila pale kwenye ngazi, tukamwita Polikseni naye aje. Ngano ya msiba wangu mwenyewe, na ilikuwa imezidi sukari, nikamwambia.

Jumatatu nilikwenda kwa mwanasheria nikaandika wosia upya. Jina lililomo silisemi. Ila Dimcho asijisumbue kuja kupima.

Sasa nyie mnaosoma, nisikilizeni. Siku moja habari itazagaa kwamba umekufa. Kuna atakayekimbilia futi, na kuna atakayevaa suti aende kukudai kwa watu wasiomjua. Watafute uwajue mapema, maana wengi wetu hatupewi nafasi ya kurudi kuangalia.