Siku tatu nilizomtibu Rama kwa poire ya mama

Wakuu, siku homa ilipoanza tulikuwa watano hapa nyumbani Mangobo: mimi Sifa, wadogo zangu Zaina na Amisi, jirani yetu Mama Furaha, na Rama, kitinda mimba wetu, miaka minne. Nawataja wote ili nikiongeza chumvi waliobaki wanisute.

Wazazi walishafariki. Mimi ndiye mkubwa, niliacha shule ya msingi kabla ya kumaliza ili hawa wale.

Kwetu Kisangani mtoto akishikwa na homa, cha kwanza ni poire, kile kipira cha kumwingizia dawa kwa nyuma. Mama alitulea sote nacho na alituachia.

Nilitwanga majani ya kongobololo, yale machungu ya kutibu homa, nikachuja. Rama akajificha nyuma ya Mama Furaha, akaniita Yaya, yaani dada mkubwa, kama wanavyoniita wote:

"Yaya, anza na Amisi! Ni yeye alikula maharagi yote!"

Tulicheka sana.

Baada ya hapo akaharisha mpaka jioni. Mama Furaha akanitia moyo: "Bon, uchafu yote iko inatoka."

Siku ya pili nikarudia, asubuhi na jioni. Zaina, ana miaka kumi na mitatu, akasema, "Yaya, tumupeleke centre ya afya wamupime malaria."

Nikamjibu, "Na weye ulipona na nini? Si poire hii hii?"

Wakuu, hapo ndipo nilipotakiwa kumsikiliza.

Siku ya tatu Rama hakukimbia. Alilala tu, akaniacha nifanye. Nikamsifu, nikamwambia amekuwa mwanaume.

Kumbe hakuwa na nguvu ya kukataa.

Mchana nilimshika mkono, kiganja kilikuwa cheupe kama fufu, ugali wetu wa muhogo. Namwita, haitiki. Nikampakata juu ya toleka, zile baiskeli zetu za kubeba watu, mpaka hospitali.

Muuguzi alipima: malaria kali, damu imekwisha, na kuharisha kumemkausha maji.

"Mulimupiga lavement ngapi?" Ndivyo wanavyoita dawa ya poire.

"Nne."

Hakunifokea. Aliandika tu. Afadhali angenifokea.

Mfuko wa damu ulikuwepo mmoja. Utaratibu ni kwamba familia inaleta mtu wa kutoa damu, ndipo mnapewa. Muuguzi akatupatia kwanza, akasema, "Mutarudisha."

Rama alifariki mfuko ukiwa haujafika nusu.

Sisemi mama alikosea, wala situkani majani. Ila majani hayapimi malaria, na mtoto mwenye homa hana siku tatu za kusubiri. Apelekwe siku ile ile. Na lavement msimpige, inamaliza maji aliyobaki nayo.

Mama Furaha bado ana poire yake, na binti yake amejifungua juzi. Mlioko humu, mnaongeaje na mtu mzima kuhusu jambo hili bila kumdharau? Andikeni, nitasoma yote.

Nilirudi hospitali kutoa damu. Wakanipima, wakasema yangu mwenyewe ni kidogo, nile vizuri kwanza. Zaina na Amisi hawajafikisha umri.

Mfuko ule bado sijaurudisha.