Neno "Sumu" Sikuliandika

Walisema sitaweza. Mtoto aliyezaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, walicheka sokoni Rumonge, hapa Burundi, atajuaje kazi ya ofisi inayoandikwa kwa Kifaransa? Mwanangu, diploma yangu ya uuguzi iko ukutani, na niliipata kwa kubeba mikungu ya chikichi kila likizo, bila mjomba mwenye cheo popote. Najisifu, ndiyo. Lakini leo unakwenda kuanza kazi hii hii, basi chukua siku moja ninayoikumbuka maisha yangu yote.

Nilikuwa nasimamia kituo cha afya upande wa Gatete. Asubuhi wakamleta Bosko, mkata chikichi, ameshakufa. Walimkuta shambani, povu mdomoni, miguu imejaa tope. Familia yake ilirudi nchini kwa lori moja na yetu, ikagawana shamba na Mama Kezia, mjane aliyekuwa akililima tulipokuwa ukimbizini. Tangu hapo, kila siku maneno.

Kaka yake Bosko, Laurenti, akanisogezea hati ya kifo.

"Andika sumu. Jana alikunywa pombe kwa yule mama. Wewe ni mutoto wa kwetu."

"Uliiona hiyo sumu?"

"Povu si iko pale? Ama diploma yako ni ya kupamba ukuta?"

Watu wakacheka. Nje vijana walishika mapanga. Nilijua: neno lile likipata muhuri wangu, Mama Kezia hafiki jioni.

Sheria ya kazi yetu inasema hivi: kifo cha ghafla chenye mashaka, muuguzi hakitungii sababu. Anaarifu polisi, na maiti haioshwi wala haizikwi kabla daktari hajaiona. Nikaandika "sababu haijajulikana", nikapiga simu. Laurenti akaniita msaliti. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, likangoja.

Daktari alifika na polisi. Alipoosha lile tope, sote tukaona juu ya kisigino alama mbili za meno na uvimbe mweusi. Nyoka hulala kwenye makuti yaliyoanguka. Kila mkata chikichi anajua.

Laurenti alikaa chini. Jioni Mama Kezia alikuja msibani na kuni kichwani. Laurenti ndiye aliyemtua.

Mwanangu, wafiwa watakuomba uandike hasira yao, au uifiche aibu yao kwa kalamu yako. Wape pole, wape kiti, wape maji. Lakini penye sababu ya kifo, andika unachokijua; usichokijua, andika kwamba hujakijua. Mungu aukaze mkono wako, na kila Mama Kezia utakayekutana naye, amfikishe jioni.