Sabuni Niliyoipika Nikiwa na Swaumu

Jamani, nikilisimulia hili msicheke sana, maana aibu ilikuwa yangu lakini aliyeungua si mimi.

Miaka ile ya sabini sabuni ilikuwa adimu, mtu akipata mche anaufungia kabatini pamoja na vyombo vya wageni, na mimi nilikuwa napika sabuni katika kiwanda kidogo cha mafuta ya nazi pale Kerege, basi nikirudi kwetu Bagamoyo natembea kifua mbele kama nimeoa tayari. (Nilikuwa nimeposa tu. Nilimposa Mwanaidi, binti wa Mzee Shomari, na Mzee Shomari ndiye msimamizi wangu kiwandani, kwa hiyo mkwe alikuwa ananitazama tangu asubuhi mpaka jioni.)

Kazi yangu ilikuwa kuipima kostiki, yale magadi makali yanayoshuka kwa bomba kuingia kwenye pipa la mafuta. Kipimo chenyewe ni mrija wa kioo uliosimama wima, na ndani yake mna boya dogo la chuma: kostiki ikipita inalinyanyua, unatazama limefika mstari gani, unafungua koki au unaifunga. Na pipa likiiva, mpishi anaigusa sabuni kwa ncha ya ulimi, anatema. Ikimng'ata kama siafu, kostiki imezidi.

Ramadhani moja, harusi yangu imepangwa baada ya Idi, nikawa nakisafisha kile kipimo, boya likaniponyoka likaingia mtaroni likapotea. Ningemwambia mzee, yangekwisha. Lakini mkwe mtarajiwa mnajua tena, nikaona nitaonekana mzembe, nikachukua shikio nene la sufuria kuukuu, aluminiamu, nikalipiga tupa mpaka likatoshea kwenye kioo sawasawa, nikajisifu moyoni kwamba fundi ni mimi.

Sasa kumbe kostiki inakula aluminiamu. Niliona vipovu vinalizunguka boya nikadhani hewa. Likawa linaliwa pembeni, linapwaya, kostiki inapita kando yake bila kulinyanyua, na mimi nikiliona linashuka nasema kostiki imepungua, nafungua koki, linashuka tena, nafungua tena. Mchana kutwa.

Jioni Mzee Shomari akapita, na yeye midomo imemkauka kwa swaumu, akaniuliza nimeionja? Nikamwambia, "Nimefunga, baba. Kipimo kinatosha." Akanitazama vizuri, akasema Mungu aipokee swaumu yangu, akaenda zake. Nilifurahi, nisiwafiche. Nilijua habari hiyo itafika kwa Mwanaidi kabla ya futari.

Miche ile ikapangwa kwenye rafu ikauke, na mimi nikaomba michache ya mwanzo kwa ajili ya sanduku la bibi harusi. Idi pili sanduku likapelekwa kwao. Sisi wanaume tumekaa barazani na kanzu zetu, ndani wanawake wanakitoa kitu kimoja kimoja na kukisifu, kanga, udi, viatu, na ilipotolewa sabuni nikamsikia Bi Kidawa, somo aliyekuwa akimfunda Mwanaidi, akitangaza kwamba hii kaipika bwana harusi kwa mkono wake. Vigelegele mpaka nikainamisha kichwa kwa haya. Akaichukua kwenda kumwogeshea biarusi palepale.

Vigelegele vikakatika. Nikasikia maji yanamwagwa kwa ndoo, tena na tena, na sauti ya Mwanaidi, ambayo sikuwahi kuisikia ikilia. Bi Kidawa akatoka ukumbini mikono ameinyoosha mbele, myekundu mitupu, akasema mabega ya mtoto yamechubuka. Wageni wote wakanigeukia. Mimi nilikuwa bado nimeshika kikombe cha kahawa.

Mzee Shomari aliomba mche wa sabuni, akaugusa kwa ulimi mbele ya baraza zima, akatema uani, akajipangusa mdomo.

"Kuonja ukatema hakufunguzi swaumu," akasema. "Wewe unalijua hilo."

Nikasema nalijua.

"Mwanangu kaungua kwa sababu uliona haya kutema mate mbele yangu?"

Nilitaka kumweleza habari za boya na shikio la sufuria, nikaweka kikombe chini kwanza. Shangazi yangu, aliyekuja na sanduku, akaniwahi, akanivuta kanzu tukaondoka.

Sanduku likarudishwa, kila kitu kimekunjwa kama kilivyokwenda, na ile miche ya sabuni imefungwa peke yake kwenye gazeti. Mwanaidi alipona, akaolewa Pangani. Nilimpelekea salamu za kumwomba radhi, akajibu amenisamehe, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Kazi sikufukuzwa. Nilikiri habari za boya, likanunuliwa jipya la chuma, na nikaapa kwamba Ramadhani au si Ramadhani, pipa halitoki mkononi mwangu sijalionja. Nimekitimiza kiapo hicho. Lakini miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, kila nikimwambia Mzee Shomari nimeionja na imekaa sawa, aliitikia kwa upole, akajikatia kipande, akakiweka kwenye ulimi wake mwenyewe.