Sinema ya Pembe Nne

Juzi mjukuu wangu alininunulia mkeka wa ukindu, akautandaza sebuleni, na kabla sijauona nikaunusa. Harufu ya ukindu uliochemshwa na rangi haifanani na nyingine: majani mabichi kidogo, wino kidogo, na moshi wa jikoni kwa mbali. Nilikaa chini pale pale, mtu mzima na magoti yangu haya, nikaanza kucheka peke yangu. Mjukuu akanitazama kwa wasiwasi. Nikamwambia, "Wewe nenda kachemshe chai. Mie niko Temeke, nina miaka kumi, na namshinda Bi Hawa."

Nyie hamna chai ya kuchemsha, kwa hiyo kaeni niwahadithie.

Enzi hizo Mwingereza bado anatawala, na Temeke ndiyo kwanza inajengwa. Watu wa mjini walituita watu wa shamba. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Bi Hawa, mjane mfupi, mnene, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu aliyekwishavuka barabara. Kila Jumatatu alasiri wanawake wa mtaa walikutana uani kwake kusuka ukili wa mikeka. Ukili ulikuwa kisingizio. Kazi yenyewe ilikuwa kuichambua sinema ya Jumapili.

Jumapili alasiri, jumba moja la sinema mjini lilikuwa na onyesho la wanawake peke yao. Wahindi waliliita zanana, nasi tukaliita hivyo hivyo. Waume wa mtaa wetu waliwaruhusu wake zao kwenda kwa sharti moja tu, kwamba waende na Bi Hawa na warudi na Bi Hawa. Basi tulipangwa mstari, mabuibui kumi na moja, mie nimeshikwa mkono na mama yangu, tukakata njia ya Keko kwa miguu hadi mjini. Asiyeelewana na Bi Hawa hakuona sinema. Ilikuwa hivyo, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Sinema zetu tulizipima kwa pembe za khanga. Ukilia ukalowesha pembe moja, hiyo ni sinema ya pembe moja. Za Kizungu hazikufika hata hapo. Mama yangu alisema watu wake wanabusiana pale pale ambapo mtu mwenye akili angeanza kuimba. Za Misri zilipewa pembe mbili, maana wale walijua kulia, ila walikaa mno kwenye makochi. Za Kihindi ndizo zilizofika pembe tatu. Pembe nne haikuwahi kutokea, na wanawake waliizungumzia kama watu wanavyozungumzia kwenda Maka.

Kihindi tulikijuaje? Alitufasiria Bi Hawa. Aliamini, na akatuaminisha, kwamba Kihindi ni Kiswahili kilichopotea njia. "Sikilizeni wenyewe," alisema. "Wakisema dunia, si dunia? Wakisema wakt, si wakati? Khabar si habari? Tayar si tayari? Sasa mnataka nini tena?" Na kweli, mara nyingi ilikwenda sawa. Alitufasiria kwa sauti kubwa mle mle ukumbini, na hata wanawake wa mitaa mingine walihamia viti vya karibu yetu.

Hapa lazima niwaambie habari ya Dada Zuhura. Zuhura alikuwa mtoto pekee wa Bi Hawa. Ndiye aliyenifundisha herufi kabla sijaanza shule, ndiye aliyenisuka nywele bila kunitoa machozi. Miaka miwili nyuma alikuwa ameolewa na karani wa reli, mtu wa bara, wa dini nyingine, bila ridhaa ya mama yake, wakaenda kuishi Tabora. Siku alipoondoka, Bi Hawa alisimama uani mbele ya watu wote akaapa kwamba Zuhura hatavuka kizingiti chake mpaka yeye afe. Barua zilikuja mara mbili. Alizitia chini ya godoro bila kusomewa. Mie nilijua jambo moja tu, kwamba namtaka Dada Zuhura arudi, kwa sababu mama yangu alikuwa ananisuka kama anafunga mzigo.

Basi Jumapili hiyo tukaona sinema ya mama mfinyanzi. Mjane anafinyanga vyungu, ana binti mmoja. Binti anatoroka na mpiga zumari. Mama anazeeka peke yake, vyungu vinavunjika, mvua inanyesha ndani. Mwishoni kabisa, mama yuko kitandani anakata roho, mlango unafunguliwa, binti huyo, kalowa chapachapa, anapiga magoti. Mama anamkazia macho. Anainua mkono juu, uso kama wa mtu aliyeuma ndimu, anatamka: "Jaa... maaf kiya!" Mkono unaanguka, picha inazimika, taa zinawaka.

Ukumbi mzima ulikuwa kilio. Lakini nakumbuka vizuri, maana nilikaa ubavuni pake, kwamba Bi Hawa alianza kulia kabla ya sie wote, hata kabla hajatufasiria. Kisha akajifuta, akasema kwa sauti nzito, "Maafa. Kamwambia maafa yamfike. Kafa bila kumpa radhi."

Kesho yake uani kulichafuka. Nusu ya wanawake walisema mama mfinyanzi kafanya haki, mtoto wa namna ile hapewi radhi. Nusu, mama yangu akiwa mbele yao, walisema hata kama ni haki ni ukatili, na sinema inayomaliza hivyo haifai hata pembe moja. Walisukana kwa maneno kuliko walivyosuka ukili. Bi Hawa alisuka tu, vidole vinakwenda mbio, kisha akasema, "Mama akiapa kaapa. Hata Wahindi wanalijua hilo."

Nami, kiherehere changu, nikasema, "Lakini hakumlaani. Maaf ni msamaha."

Vidole vyote vilisimama.

"Nani kakwambia?" akauliza Bi Hawa.

"Mama Kulsum."

Mama Kulsum alikuwa mke wa Mhindi mwenye duka la pembeni, nilikokuwa nikitumwa mafuta ya taa. Ijumaa maskini walijipanga mlangoni pake kupokea sadaka, na sadaka ikiisha aliunganisha viganja akawaambia wa mwisho, "Maaf karo, baba." Nilimuuliza siku moja maana yake. Akasema ni kuomba wamsamehe, leo hana tena.

Niliyaeleza yote hayo uani. Bi Hawa akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maskini wanamsumbua mlangoni tangu asubuhi, wewe unadhani anawaombea msamaha? Anawaombea maafa, mwanangu, ila kwa adabu!"

Uani kulilipuka kwa kicheko. Walicheka wa upande wake, wakacheka na wa upande wetu, mpaka mama yangu mzazi akaficha uso kwenye khanga. Nilihisi masikio yanawaka. Nikapiga mguu chini, mtoto wa kike mbele ya watu wazima, nikasema, "Ni msamaha! Ni msamaha, Bi Hawa, na wewe hujui!"

Loh! Kicheko kilikatika. Mama akanishika mkono kwa nguvu. Bi Hawa aliweka ukili wake chini taratibu, akanitazama kwa muda mrefu.

"Haya," akasema. "Huyu hakanyagi tena sinema mpaka aniombe radhi. Au, kama anajua sana, Jumatatu ijayo aniletee shahidi."

Wiki hiyo sikulala vizuri. Mama alinisihi nikaombe radhi yaishe. Nilikataa. Nilikuwa mtoto wa kwanza katika darasa la tatu, na nilijua ninachokijua. Kila siku nilipita dukani kumbembeleza Mama Kulsum, naye kila siku alitikisa kichwa. Hakuwahi kuingia nyumba ya Mswahili, wala hakuna aliyewahi kumwalika. Jumamosi nilianza kulia pale kaunta, machozi yakadondokea mizani. Akauliza hiyo sinema yenyewe ni ipi. Nilipomtajia mama mfinyanzi akakaa chini. Kumbe naye aliiona siku ile ile, viti vya juu, na alikuwa hajapata mtu wa kuzungumza naye.

Jumatatu alasiri Mama Kulsum akaingia uani, mtandio kichwani, ameinua upindo wa nguo yake usiguse rangi ya ukindu. Wanawake waliduwaa. Alimwambia Bi Hawa maneno mawili matatu kwa Kihindi, Bi Hawa akasogea kumpisha kwenye mkeka. Nikadhani ni adabu tu ya kumpokea mgeni.

"Shahidi wangu huyu," nikasema.

Mama Kulsum hakungoja kuulizwa, alianza sinema tangu mwanzo. Kwa Kiswahili chake cha dukani alitupa vyungu, mvua, zumari, vyote, na kila alipofika penye wimbo aliuimba. Alipofika mwisho akaniita, akanipigisha magoti mbele yake. Akainua mkono juu vile vile, uso ule ule wa ndimu.

"Ile mama nataka kulia, lakini nazuia," akasema. "Ndiyo uso iko vile. Nasema, enda salama, mimi nasamehe veve. Halafu nataka kuweka mkono hapa." Akanishushia mkono utosini, ukatulia. "Lakini nakufa, mkono haifiki."

Kisha mama yangu akapiga kigelegele, wa pili akadakia, wa tatu, na wale waliokuwa upande wa Bi Hawa wakalia kuliko walivyolia ukumbini. Nilibebwa juu juu. Pembe za khanga zililoweshwa zote, na hapo hapo, kwa kauli moja, ikapitishwa kuwa ndiyo sinema ya pembe nne. Nimepata mambo mengi mema maishani, watoto, nyumba, safari, lakini furaha ya alasiri ile sijaipata tena.

Bi Hawa alingoja makelele yatulie. "Nimeshindwa," akasema. "Nimeshindwa na kitoto, mbele yenu wote, na mmeshuhudia." Kisha akanigeukia. "Mwaju, leta daftari. Mwandikie dada yako Tabora."

"Nimwambie nini, Bi Hawa?"

"Lile neno alilosema yule mama. Hilo hilo. Ataelewa mwenyewe."

Niliandika kwa hati yangu nzuri kuliko zote: *Dada Zuhura shikamoo. Mama yako anasema.* Kwenye neno lenyewe nilikwama kidogo, kisha nikalimaliza kama mwalimu wetu alivyotufundisha kumalizia maneno. Barua ikaenda.

Jumatatu ya pili tulisikia mtu anakuja mbio nje. Dada Zuhura akaingia uani, mtoto mgongoni, vumbi la treni hadi kwenye kope, na nyuma yake karani wa watu anahema na sanduku kichwani. Zuhura analia kwa sauti. Amefika katikati ya mikeka akaanza kututazama mmoja mmoja, kama anayetuhesabu.

"Nani kafa?" akauliza. "Niambieni tu, nani kafa?"

"Hajafa mtu," mama yangu akasema.

"Sasa maafa gani?" Akaichomoa barua kifuani, akaikunjua. *Mama yako anasema maafa.*

Natamani ningeweza kuwaambia nilijificha wapi, lakini uani hakukuwa na pa kujificha. Shuleni neno la Kiswahili lilimalizikia kwa irabu. Aliyeandika kitab alichapwa vidole. Nami nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nikaeleza kwa kigugumizi, na nilipomaliza, Bi Hawa alikuwa amesimama, mkono kiunoni, anang'aa.

"Mmeona?" akasema. "Mmeona nyie? Hata aliyesoma, kaandika maafa!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Zuhura hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kwenye ukindu, kichwa chini. Bi Hawa akamwendea. Akainua mkono juu, uso ule ule, na kicheko kikafa ghafla. Mkono ukashuka, ukatua utosini kwa Zuhura, ukabaki hapo.

"Ingia ndani," akasema. "Mtoto anapigwa na jua."

Karani naye akavuka kizingiti na sanduku lake, na siku hiyo hiyo nikasukwa nywele bila kuumia.

Kwa miaka mingi nilijivunia ushindi ule. Bi Hawa alipofariki nilikuwa mama wa watoto wanne, na siku ya arobaini, tukipanga vyombo vya pilau, nilimkumbusha Dada Zuhura kisa cha maafa. Akatabasamu, akaniuliza kama nilijua kwamba mama yake, kabla ya kuolewa, alikuwa yaya kwa miaka sita katika nyumba ya Wahindi kule mjini.

"Mie nilibembelezwa kwa Kihindi," akasema. "Kila nikivunja kikombe nikilia, alikuwa ananiambia maaf kiya, maaf kiya. Ndiyo maana kwenye barua ile nilikuwa nalitafuta hilo neno, nikaikuta ile *a* yako, nikajua mtu kafa."

Niliweka sahani chini. "Kama alijua, mbona alishikilia maafa?"

"Aliapa mbele yenu wote, Mwaju. Angejirudi vipi mwenyewe? Ilibidi apatikane wa kumshinda."

Nikaona tena yale macho yaliyonitazama kwa muda mrefu siku aliponitaka nilete shahidi. Nilidhani ananiadhibu. Alikuwa ananituma.

Hata hivyo nilimshinda. Namwambia hivyo kila anayekuja kwangu, nimemwambia na mjukuu aliporudi na chai. Dada Zuhura, kizee sasa, akinisikia huwa habishi. Huvuta tu pembe ya khanga yake akajifuta.